Ngata, Ndoo na Ubongo

Asubuhi pale Morogoro mjini mtawaona akina mama wakiteremka kutoka milima ya Uluguru, tenga la ndizi kichwani juu ya ngata, mtoto mgongoni, mikono haishiki kitu. Njia ni mteremko, mvua ikinyesha inateleza, nao wanapiga soga kama waliokaa barazani. Mwaka 1986 wataalamu walitoa matokeo ya kuwapima wanawake nchini Kenya, wa Kijaluo waliozoea kubeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu waliozoea kuibeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwafanya watumie nguvu zaidi ya kutembea bila mzigo.

Ujuzi huo haukai shingoni tu. Unakaa ndani ya kichwa, chini ya hiyo ngata.

Mtazameni binti mdogo anayejitwisha ndoo kwa mara ya kwanza. Ameishika kwa mikono miwili, shingo kaikaza, hasemi neno, na maji yanammwagikia. Wakati huo sehemu ya mbele ya ubongo inashughulika na kila hatua. Ndoo ikiyumba, ubongo mdogo ulioko kisogoni unapata habari na kusahihisha. Akirudia siku kwa siku, seli za neva zinazofanya kazi pamoja zinazidi kuunganika, kama kinjia cha shambani kinavyokuwa wazi kwa kupitwa. Akilala vizuri, usiku ubongo unaendelea kuyahifadhi ya mchana. Siku moja ataachia mkono mmoja, kisha wa pili, halafu mtamsikia anaimba.

Hata mtu mzima ubongo wake hubadilika. Mwaka 2004 watafiti wa Regensburg, Ujerumani, walieleza habari za watu waliojifunza kurusha na kudaka mipira mitatu. Baada ya miezi mitatu picha zilionyesha sehemu fulani za ubongo zimeongezeka. Walipoacha mazoezi, ongezeko lile likapungua.

Tunayaleta haya kwa sababu ya kiharusi. Utafiti wa vifo wa miaka ya 1992 hadi 1995 katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ulionyesha kuwa kiharusi kiliua watu wazima kwa kiwango cha juu kuliko Uingereza, na presha isiyotibiwa ilitajwa kuwa chanzo kikubwa. Wanaopona wako majumbani mwetu. Tunapowatembelea na akina mama wenzetu wa kanisani, mara nyingi tunamkuta bibi amekalishwa kwenye mkeka, mkono uliopooza umefunikwa kwa kanga, mkwe anamlisha, mjukuu anamfunga vifungo. Ni upendo mtupu, na unamnyima mkono ule shule yake.

Seli zilizokufa hazifufuki. Lakini zile za jirani zinaweza kujifunza kazi yao, zikipewa kazi. Nchini Marekani Edward Taub alianzisha tiba ya kuuvalisha mkono mzima glavu nene, ili mgonjwa alazimike kutumia ule dhaifu. Utafiti wa 2006 uliwapa tiba hiyo kwa wiki mbili wagonjwa ambao vidole vyao vilikuwa bado vinasogea kidogo, nao walipata nafuu kubwa kuliko wenzao. Glavu hiyo msiivalishe wenyewe bila mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Nyumbani, daktari akisharuhusu, mpeni bibi bakuli la maharage ahamishe moja moja kwenda bakuli lingine. Akunje kanga. Amenye ndizi iliyoiva, hata ikichukua nusu saa. (Mawifi wakija kusalimia kazi hii huharibika, maana kila mmoja anataka kumlisha.) Dakika chache mara nyingi kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya kumchosha. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye maendeleo ya haraka, ingawa hata baadaye mkono huendelea kujifunza. Na mnapomwinua, msimvute kwa mkono uliopooza, bega huteguka upesi, mshikeni kiunoni.