Tai na Tahajia: Kaida si Kipimo cha Akili

Wahenga walinena kuwa ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Methali hii yaweza kuwa mwongozo bora kwa abiria wa Queen Mary 2, meli ambayo tangu mwaka 2004 huvuka bahari ya Atlantiki baina ya Southampton, Uingereza, na New York, Marekani, kwa muda wa siku saba hivi. Katika jioni za dhifa kuu, wanaume huelekezwa kuvaa taksido au suti ya rangi iliyoiva pamoja na tai, iwe ndefu au ya kipepeo. Jioni nyinginezo koti hutosha, na tai huwa hiari. Asiyependa makuu hayo hutengewa kumbi nyingine za kulia.

Ajabu ni kwamba meli hiyo huunganisha bandari mbili zisizoandika Kiingereza kwa namna moja. Ing'oapo nanga Southampton, rangi ni "colour". Itiapo nanga New York, rangi ni "color". Hata vazi la dhifa hubadili jina: Mmarekani huliita "tuxedo", kutokana na Tuxedo Park katika jimbo la New York, ilhali Mwingereza huliita "dinner jacket". Je, ni nani kati ya wawili hao asiyejua lugha?

Jawabu ni kuwa hayupo. Tai na tahajia zote ni zao la maafikiano ya watu wala si la maumbile. Asili ya tai ni kitambaa cha shingoni walichovaa askari wa Kroatia waliotumika Ufaransa katika karne ya 17. Nayo tahajia ya Kiingereza ilipata uthabiti mkubwa kwa kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755, kabla ya Noah Webster kuchapisha yake huko Marekani mwaka 1828, akitaka taifa changa lijitambulishe kwa maandishi yake. Webster alipendekeza pia "tung" na "wimmen", watu wakayakataa. Kaida, basi, huishi kwa ridhaa ya watumiaji.

Hapa Kenya, hata hivyo, kaida imegeuzwa rungu. Wapo walimu wanaolipigia neno "organize" mstari mwekundu kwa madai kuwa ni la Kimarekani, ilhali kamusi kuu ya Oxford yenyewe hupendelea umbo hilo. Yamkini hayo ni ya Kiingereza; lakini nyani haoni kundule. Katika Kiswahili, mwanafunzi wa Pwani aandikapo "tafauti" badala ya "tofauti", au "arubaini" badala ya "arobaini", huenda akachekwa na mwenzake aliyejifunza lugha hii darasani. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uteuzi huo ulirahisisha uchapishaji na ufundishaji. Haukumfanya msemaji wa Kimvita kuwa mgeni katika lugha ya mama yake.

Atatokea wa kuuliza: je, kila mtu aandike apendavyo? La hasha. Lugha ya kitaaluma isiyo na utaratibu ni dau lisilo usukani. Ila tofauti ipo kati ya kuweka utaratibu na kumvizia mtu kwa utaratibu asioujua. Wenye meli humweleza abiria kanuni za mavazi kabla hajafunga sanduku lake. Hawangoji afike mlangoni pa ukumbi ndipo wamwaibishe mbele ya watu.

Idara za Kiswahili hazina budi kuiga mfano huo. Kila idara ichapishe mwongozo mfupi wa tahajia, utaje maumbo yanayokubalika kwa pamoja, na utolewe mwanzoni mwa muhula. Mwanafunzi atakayechagua "arubaini" aishikilie hadi ukurasa wa mwisho. Akichanganya, hapo akatwe alama kwa haki. Lakini asihesabiwe kuwa mjinga kwa kuandika kama nyanyake asemavyo. Tai huonyesha tu kwamba mvaaji amesoma mwaliko. Yaliyomo kichwani mwake hayajulikani mpaka anene.