Tulienda Kitale na Bungoma kutafuta msosi, tukarudi na swali la mbegu

Mpango ulikuwa rahisi. Mabeshte wanne, siku tatu, miji miwili na sheria moja: hakuna chipsi. Kila mlo uwe kitu ambacho Nairobi hatukipati kirahisi, na kila mtu ajilipie. Tulipanda basi la usiku katikati ya Desemba, na kufika Kitale kulipopambazuka miguu ilikuwa imevimba na njaa imetushika kweli kweli.

Nilidhani nitarudi na picha za sahani na orodha ya vibanda vya kukupendekezea. Picha ninazo, usijali. Lakini kilichonikaa kichwani tangu siku hiyo ni mbegu, pamoja na uamuzi wa korti uliotolewa mwishoni mwa Novemba 2025, ambao wengi wetu tuliupita kwenye simu tukitafuta udaku. Hebu nikueleze, kwa sababu kama unakula, hii stori inakuhusu.

Kitale, mji wa mahindi

Ukifika Kitale Desemba huhitaji kuambiwa watu wanalima nini. Mahindi yameanikwa kwenye maturubai kando ya barabara, matrekta yanavuta trela zilizojaa magunia, na kila mazungumzo yanaishia kwenye bei ya gunia. Kaunti ya Trans Nzoia inaitwa ghala la chakula la Kenya, na kwa macho yetu jina hilo halikuwa sifa za bure.

Asubuhi tulianza na chai, viazi vitamu na mursik. Kama hujawahi kuonja, mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalum. Yana uchachu, yana harufu ya moshi, na rangi yake imeingia ujivu kidogo. Mwenzetu wa kutoka Mombasa alipiga funda la kwanza, akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyesalitiwa. Kufikia kikombe cha pili alikuwa anauliza kama yanaweza kubebwa kwenye basi.

Mchana tukaingia kibandani. Nyama, sukuma wiki, ugali mweupe mkubwa kama kichuguu. Nikamuuliza mama mwenye kibanda kama ana ugali wa wimbi. Akacheka. "Wimbi ni bei, mwanangu. Na wateja wangu wanataka mweupe." Majirani zetu mezani walikuwa Mkalenjin, Mturkana na Mbukusu, kila mmoja na chakula cha kwao, lakini sahani zote zilifanana.

Jioni hiyo nilianza kujiuliza tulifikaje hapa. Babu wa babu zetu magharibi mwa Kenya walikula wimbi na mtama. Mahindi meupe yalishika kasi wakati wa ukoloni, walowezi walipoyalima mashamba makubwa ili kuyauza nje. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, kilimo hicho kikapata njia ya kwenda sokoni. Wafanyakazi wa mashambani nao walipewa posho ya unga wa mahindi. Polepole ule unga wa posho ukawa ndio ugali wa taifa.

Halafu ikaja mbegu yenyewe. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, ikianza na mbegu za nyasi za malisho. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mahindi chotara ya H611, ambayo yalibadilisha kilimo cha nchi. Mavuno yaliongezeka, na wakulima wadogo waliyapokea kwa haraka kuliko wengi walivyotarajia. Tusiwe watu wa kuponda kila kitu: mahindi hayo yamelisha nchi, na karo za watu wengi ninaowajua zimetoka kwenye magunia hayo.

Lakini chotara ina sharti lake. Ukivuna, ukaweka mbegu na kuipanda msimu unaofuata, mazao hushuka. Kwa hivyo kila mwaka unarudi dukani. Mbegu, kitu ambacho mkulima alikuwa anajitolea mwenyewe ghalani, ikawa bidhaa ya kununua kama vocha ya simu.

Na kuna jambo jingine nililolipenda sana. H611 ilizaliwa kwa kuoanisha mahindi yaliyoboreshwa Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika Kusini. Yale ya Ecuador yalikuwa yametunzwa vizazi na vizazi na wakulima wa milimani kule. Yaani hata mbegu ya kisasa kabisa ya Kitale ina deni kwa mkulima fulani aliyechagua gunzi zuri, akaliweka kando, akasema hili tusile, tupande.

Bungoma, kwa Kukhu

Siku ya pili tulishika mathree kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, kisha tukaingia barabara ya Malaba kuelekea Kanduyi na Bungoma mjini. Mmoja wetu ni mwenyeji wa huko, na alikuwa ameshapiga simu kwa nyanya yake upande wa Chwele. Kibukusu nyanya ni Kukhu. Tulipofika alitupokea mmoja mmoja. "Mulembe." Tukajibu, "Mulembe, Kukhu." Huyo wa Mombasa alisema "Shikamoo" kwanza, Kukhu akafurahi zaidi, sisi wengine tukabaki tunaonekana hatujalelewa.

Kuhusu chakula, acha niseme polepole. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa taratibu. Ugali wa wimbi, mweusi mweusi, mzito, unaokaa tumboni mpaka kesho. Mrenda uliopikwa na majani ya kunde na kulainishwa kwa munyu, ile chumvi ya asili inayochujwa kutoka kwenye jivu. Na sagaa, ambayo wao huiita chisaka, iliyolala kwenye maziwa usiku kucha hadi uchungu wake ukageuka utamu. Firigisi alipewa mwenye umri mkubwa kati ya wanaume, kwa sababu hapo haikatwi vipande na haijadiliwi. Nilikuwa mimi. Nimeishi miaka 20 na kitu bila kupewa cheo chochote, na nilipoacha chuo mwaka wa pili nilidhani sitapewa kamwe. Siku hiyo nilikula firigisi nikiwa nimenyoosha mgongo.

Baada ya kula nikamuuliza Kukhu mbegu za mboga hizi anazinunua wapi. Alinitazama kama nimemuuliza hewa ananunua wapi. Akatuingiza jikoni. Juu ya mafiga kulining'inia masuke ya wimbi yaliyokolea moshi, na ukutani kulikuwa na vibuyu na chupa kuukuu za soda zenye mbegu ndogo nyeusi zilizochanganywa na jivu. Moshi na jivu vinafukuza wadudu, akasema. Mbegu nyingine alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Zikizidi, anazipeleka sokoni na kuzipima kwa kijiko.

Mwenzetu mmoja, anayesoma sheria, akasema kwa sauti ya chini, "Kukhu, hii ya kuuza ilikuwa na kesi."

Kosa la kijiko kimoja

Hakuwa anatania. Kenya ina Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, Sura ya 326. Chini ya vipengele vyake, kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijasajiliwa na kuidhinishwa kulikuwa kosa. Adhabu ingeweza kufika kifungo cha miaka 2, faini ya shilingi milioni moja, au vyote viwili. Wakaguzi nao walipewa uwezo wa kuingia na kuchukua mbegu. Sasa fikiria, milioni moja kwa mama anayepima sagaa kwa kijiko.

Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walienda kortini kupinga vipengele hivyo. Mnamo Novemba 27, 2025, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu aliamua kwamba vipengele vilivyofanya kushiriki na kuuza mbegu za kienyeji kuwa uhalifu vinakiuka Katiba.

Tukizungumzia Katiba, isome mwenyewe. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010, kile kinachohusu utamaduni, kinalitaka Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake na jamii za Kenya. Waandishi wa Katiba waliziweka mbegu kwenye kifungu cha utamaduni. Nilipokuwa nimekaa jikoni kwa Kukhu nilielewa kwa nini.

Upande wa pili nao usikilizwe, maana una hoja. Sheria ile haikutungwa tu kuwaonea akina mama. Mbegu feki ni tatizo la kweli. Mkulima wa Trans Nzoia akiuziwa mahindi ya kawaida yaliyopakwa rangi na kuwekwa kwenye pakiti inayofanana na ile halali, anapoteza msimu mzima, na hakuna mtu atakayemrudishia mvua. Wakaguzi wanahitajika, na usajili unahitajika kwa mtu anayeuza tani nyingi kwa jina la kampuni. Kosa lilikuwa kumtendea tapeli wa pakiti na mama wa kijiko kana kwamba ni mtu mmoja. Kukhu hana pakiti ya kughushi. Anayenunua kwake anamjua, anajua shamba lake, na mboga zikikataa kuota anajua mlango wa kugonga.

Kushinda kortini hakupandi mboga

Hapa ndipo tunaingia sisi. Uamuzi wa korti umemwondolea Kukhu hofu ya kosa, lakini haujampa mteja. Kama sisi vijana hatuli hizi mboga, mbegu zake zitabaki ukutani, halafu siku moja mtu atasafisha jiko na kutupa chupa kuukuu za soda.

Usidhani ni maneno ya kuvutia machozi. Utaalamu upo wa kuunga mkono jambo hili. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT alikulia magharibi mwa Kenya akiwa mtoto asiyeweza kula nyama, samaki wala mayai kwa sababu ya mzio. Mboga za kienyeji ndizo zilizomkuza. Aliposomea kilimo akakuta zimewekwa kundi moja na magugu, na akatumia miaka mingi kuonyesha kwa utafiti kwamba zina lishe na soko. Mwaka 2021 nalo shirika la UNESCO liliorodhesha juhudi za Kenya za kulinda vyakula vya asili kama mfano mwema wa kuigwa duniani. Dunia imeshatupigia makofi. Kazi iliyobaki ni sisi kukubali kuvila.

Na si suala la tumbo pekee. Wabukusu hutahiri vijana wao Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Kwa hivyo 2026 ni mwaka wa tohara, na njia za Bungoma zitajaa njuga na nyimbo. Busaa ya sherehe hiyo inahitaji wimbi lililochipushwa. Wimbi likipotea, huwezi kuchipusha unga wa pakiti. Tutabaki na video za sherehe na bila kitu cha kumimina kwenye chungu.

Kwa hivyo nasema nini? Mosi, Bunge lisingoje kesi nyingine. Sheria inayotakiwa na Kifungu cha 11 itungwe waziwazi, itenganishe biashara kubwa ya mbegu na kijiko cha sokoni. Pili, kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zina maonyesho ya kilimo na masoko. Zitenge kona ya mbegu za kienyeji ambapo akina mama wanabadilishana bila kuogopa, na kijana anaandika jina la kila mbegu, inavyopandwa na inavyohifadhiwa, kabla wanaojua hawajatutoka. Tatu, sisi. Kama wewe ni wa kupika video za msosi, enda kwa nyanya yako. Usipige picha sahani tu, uliza mbegu iko wapi.

Najua wimbi ni ghali. Mama wa Kitale alisema ukweli. Lakini limekuwa ghali kwa sababu wanaolipanda ni wachache, na wanaolipanda ni wachache kwa sababu wanaolila ni wachache. Mduara huo unaweza kuvunjwa kutoka upande wowote, na upande wa kula ndio hauhitaji digrii. Naongea kwa uzoefu.

Tulipoaga, Kukhu alitufungia kila mmoja mbegu za sagaa kwenye kipande cha gazeti, vijiko viwili hivi. Tulitaka kulipa, akakataa. Akasema zikizaa, na sisi tumpe mtu mwingine. Mimi naishi ghorofa ya nne na sina shamba, kwa hivyo nimepanda kwenye ndoo iliyopasuka kwenye baraza. Landilodi ameshauliza ni bangi.

Jana nimeona majani ya kwanza. Ukitaka mbegu, subiri zikomae, nitakupa kijiko.