Gari ya Chama: Tununue Ipi, na kwa Kazi Gani?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika jarida letu niseme machache juu ya jambo litakaloletwa mbele ya mkutano mkuu, nalo ni kununua gari mpya ya chama, gari ya kupita njia za mashamba. Najua wako wenzangu waliokwisha kukata shauri, na wengine wamekwisha kuchagua hata rangi. Mimi sipingi gari. Nitakalo ni kuwa tusiinue mikono kabla hatujajua gari hiyo itafanya kazi gani.

Msimu uliopita, upande wetu huku Mtambile, kijana mmoja mchumaji alikatikiwa na tawi akaanguka kutoka juu kabisa ya mkarafuu. Tulimlaza juu ya kitanda cha kamba, watu wanne wakampokezana, bonde na kilima, bonde na kilima, mpaka barabara ya lami, na huko tukasimama tukingoja gari ya kuomba itupeleke Mkoani hospitali. Mvua ilikuwa imenyesha, hata bodaboda hazishuki, na tena mtu aliyevunjika paja hapakiwi bodaboda. Kijana yu hai, alhamdulillahi, ila mpaka leo anakwenda kwa mkongojo. Siku ile lau ningeulizwa, ningetoa hata mikarafuu yangu miwili mikubwa ili chama kipate gari. Lakini fedha za chama si zangu peke yangu, na hazifai kutumiwa kwa uchungu wa siku moja.

Basi kazi ya kwanza ya gari hii ni kuchukua mgonjwa aliyelala. Ya pili watu wengi wanaikosea. Husema, gari itatupelekea karafuu zetu kituoni. Karafuu kavu hazina haraka. Zimo guniani, zinaweza kungoja gari ya kukodi kesho au keshokutwa. Zenye haraka ni mbichi. Kila mkulima anajua kuwa kilo 3 za mbichi hukauka zikawa kama kilo 1, kwa hiyo mzigo mzito ni ule utokao mtini kwenda uwanjani, si ule utokao uwanjani kwenda kuuzwa. Tena mbichi zikilala ndani ya gunia hushika moto, na asubuhi ukizimwaga juu ya jamvi unaona rangi imekwisha kuharibika, umepata mpeta badala ya karafuu. Gari itakayotufaa ni ile itakayoteremka shamba jioni, katika utelezi, ipakie magunia ya mbichi, ipande nayo kilimani kabla ya usiku.

Sasa nije kwenye picha mbili tulizoonyeshwa na kamati.

Picha ya kwanza ni Land Rover Defender mpya. Wazee wetu wanalijua jina la Land Rover, maana gari za kwanza za namna hiyo zilitoka Uingereza mwaka 1948, zikaenea Afrika nzima. Lakini tusidanganywe na jina. Ukoo ule wa zamani ulikoma kutengenezwa Januari 2016, na hii iliyotoka 2019 ni gari nyingine kabisa. Haina tena fremu ya chuma iliyobeba bodi juu yake; bodi na fremu ni kitu kimoja cha aluminiamu, na kazi nyingi ndani yake zinaamrishwa na kompyuta. Nitasema kweli, nimepata kupanda moja ya mtu mjini, nikaona raha ambayo sikuipata katika gari yoyote. Haipigi kelele, hairushi, na wenyewe wanasema ikiwekewa springi za hewa inaweza kupita maji ya kina cha milimita 900. Nikajiuliza, Pemba hii mto gani wa milimita 900 unaotuzuia kwenda shamba? Kinachotuzuia sisi ni udongo mwekundu uliolowa.

Picha ya pili ni Toyota Land Cruiser ya ukoo wa 70, ile ndefu ya milango ya nyuma na mabenchi ya ubavuni, watu wanaiita mkonga. Ukoo huu ulianza 1984, na umbo lake halikubadilika sana. Ina fremu ya chuma na springi za majani nyuma. Ukiyakunja mabenchi, mgonjwa analala na magunia yanaingia. Si gari ya raha. Inarusha, inakula dizeli, na mtu akikaa nyuma kutoka Konde mpaka Mkoani atashuka mgongo unamuuma. Hata hivyo mimi nachagua hii, kwa sababu ya fundi. Gari ikizima bondeni wakati wa masika, nani ataifungua? Mafundi wetu wa Chake na Wete wanaijua injini ile ya dizeli ya silinda 6, lita 4.2, inayoitwa 1HZ, ambayo imetengenezwa tangu 1990. Haina tabo, na pampu yake ya dizeli fundi huifungua kwa spana. Gari ya kompyuta inataka kwanza chombo cha kuisomea ugonjwa wake, na kipuri chake kingoje meli.

Hapa pana tahadhari moja. Tusiagize kwa jina la Land Cruiser tu tukadhani tumemaliza. Tangu 2023 ukoo huo huo wa 70 unatoka pia na injini ya lita 2.8, yenye tabo na kompyuta. Huenda ikawa nzuri, na dizeli inakula kidogo. Lakini sababu niliyoitaja ya fundi haisimami tena. Kamati imwulize muuzaji kwa maandishi ni injini gani.

Na wale vijana wanaosema gari ya magurudumu manne haitelezi, nawaomba wamwulize dereva yeyote aliyepata kuteremka kilima cha udongo baada ya mvua. Magurudumu manne husaidia kupanda. Katika kuteremka, breki ni zile zile za gari yoyote. Kinachookoa ni gia ndogo, matairi yenye meno, na dereva asiyekuwa na papara. Kadhalika gari isipite chini ya mikarafuu, maana mizizi midogo ya mkarafuu iko karibu na uso wa ardhi, na uzito ule ukipita pale pale kila siku utaushindilia udongo. Ifike penye njia, magunia yaifuate.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko yote ni chakula chake. Karafuu hazizai sawa kila mwaka. Mwaka mkubwa ukipita huja mdogo, na pengine miwili midogo kwa kufuatana. Gari haijui hayo. Inataka matairi, bima, mafuta na mshahara wa dereva hata mwaka ambao uwanja hauna jamvi. Tukitoa akiba yote kuinunua, mwaka mdogo tutaiona imesimama juu ya matofali karibu na ofisi, kuku wanatagia ndani. Afadhali tununue iliyotumika, fundi wetu akiikagua kwanza chini ya tumbo kama fremu haina kutu, na tofauti ya bei iwekwe katika daftari la matengenezo isiguswe kwa kazi nyingine.

Na ufunguo utakaa kwa nani? Silitaji hili kwa kumdhania mtu ubaya. Lakini gari ya chama ikionekana harusini Jumapili, Jumatatu wanachama hawalipi ada. Nitaomba iandikwe katika kanuni kuwa mwezi wa mavuno gari ilale shambani si mjini, kwamba mgonjwa hatozwi kitu, na kwamba kiongozi akiitumia kwa shughuli yake alipe kwa kilomita kama mwanachama mwingine.

Kamati ikikubali hayo nitainua mkono wangu. Isipokubali nitasema dhidi yake, na naomba mwenyekiti anipe zamu mapema, kwa kuwa siku hizi mvua zinakuja ghafla na mimi nyumbani sina mtu wa kuanua karafuu.

Wasalaam,

Mkulima wa Mtambile