Ubundu inahitaji tiba kabla ya vipimo vya jeni

Reli ya Kisangani hadi Ubundu, nchini Kongo, kilomita 125 msituni, ilijengwa zama za Leopold wa Pili ili mizigo iyazunguke maporomoko ambayo meli haziwezi kuyapita. Aprili 1997 ikawa njia ya mauti. Makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda, waliochoka kwa miezi ya kutembea, walirundikana kandokando yake, Biaro na Kasese, kisha kambi zikashambuliwa. Wenyeji waliyaona hayo. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku sita ndani ya Kisangani yenyewe.

Kwa nini watu wawili hupita katika moto uleule, mmoja akalala usingizi na mwingine akashtuka kila mlango ukigongwa? Mtaani jibu liko tayari: huyu ana moyo mdogo, au karogwa.

Wanasayansi nao waliwahi kuwa na jibu la haraka. Mwaka 1996 Klaus-Peter Lesch na wenzake walitangaza kwamba umbo fupi la jeni inayoongoza usafirishaji wa serotonini, kemikali ya ubongo, linaendana na hulka ya wasiwasi. Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake wakaongeza kwamba wenye umbo hilo hupata sonona kwa wepesi zaidi maisha yakiwaelemea. Habari ilivuma duniani kote. Lakini mwaka 2019 jeni 18 zilizosifiwa kwa namna hiyo zilipimwa upya kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu, na madai hayo hayakuthibitika.

Karibu na kwetu kuna utafiti wenye mafunzo zaidi. Iris-Tatjana Kolassa na timu yake walichunguza wakimbizi 408 wa Rwanda katika makazi ya Nakivale, Uganda, na kuchapisha matokeo mwaka 2010. Waliitafuta jeni hiyohiyo, na waliona tofauti kwa watu waliopitia maafa machache. Ila kadiri aina za maafa alizopitia mtu zilivyozidi, ndivyo kiwewe kilivyozidi, na kwa waliobebeshwa mengi mno karibu kila mmoja aliugua, awe na jeni ya namna gani. Moyo mdogo una nafasi gani hapo?

Goma nako, Connie Mulligan na wenzake walipima mama 25 na watoto wao wachanga, wakachapisha mwaka 2012. Dhiki ya mama wakati wa ujauzito iliendana na uzito mdogo wa mtoto, na pia na alama za kikemikali juu ya jeni inayohusika na homoni za msongo. Watu 25 ni wachache, na haifai kujenga hukumu nzito juu yao. Hata hivyo swali lao ni zuri kuliko lile la hulka, kwa sababu linaanza na yale mama aliyotendewa.

Fidia ya dola milioni 325 ambayo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda mwaka 2022 iilipe Kongo kwa madhara ya vita ina mfuko wake Kisangani, FRIVAO. Waathirika wana haki ya kulipwa, lakini hundi haitibu jinamizi la usiku. Na hukumu ile inahusu vita vilivyoanza Agosti 1998. Ya Biaro na Kasese hayamo. Mzigo huo unabaki kwa serikali.

Kazi ya kutibu kiwewe si ya mabilioni. Nakivale hiyohiyo, Frank Neuner na wenzake waliwafundisha wakimbizi wa kawaida, wasio madaktari, kumsaidia mgonjwa kusimulia maisha yake kwa mpangilio, vikao sita tu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008, takriban asilimia 70 ya waliopata tiba hiyo hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kati ya waliofuatiliwa bila tiba walikuwa asilimia 37. Wauguzi wa vituo vya afya vya Ubundu na walimu wa shule za parokia wanaweza kufundishwa kazi hiyo, kwa Kiswahili na Kilingala, bila kusubiri maabara yoyote.