Magitaa ya Kilwa Jazz
Kilwa Jazz, bendi iliyoongozwa na Ahmed Kipande, ilibeba jina la mji wa pwani ya kusini, ingawa ilivumia Dar es Salaam. Haikuwa peke yake: Western Jazz, iliyoanzishwa 1959, nayo ilijinasibisha na Jimbo la Magharibi. Bendi changa za miaka ya 1960 zilikuwa na walimu wengi. Santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, zilizoenea Afrika tangu miaka ya 1930, zilileta mapigo ya muziki wa son. Wakongo wakayahamishia kwenye gitaa la umeme, na vijana wa Tanganyika wakayadaka. Gitaa la solo, la ridhimu na la besi yalisukana, kila moja na zamu yake. Ufundi wenyewe uko hapo, kuliko hata kwenye koo la mwimbaji. Kati ya mitindo mingine ya kigeni, twisti ilipita haraka. Soul iliwanogea vijana zaidi, hadi ikapigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969. Kwa msikilizaji wa Mtwara au Msimbati, mbali na kumbi za Dar es Salaam, muziki huu wa dansi ulifika zaidi kwa mawimbi ya Radio Tanzania, iliyorekodi bendi katika studio yake. Santuri za bendi hizo zilifyatuliwa Nairobi.