Wanaopunguza Kazi Wasinyang'anywe Kadi ya Matibabu

Mtumishi wa umma wa Bukoba au Muleba akaribiapo kustaafu huwa na mambo mawili moyoni: kiinua mgongo chake na kibanja chake. La tatu, ambalo ni kadi ya matibabu, aghalabu hukumbukwa mgonjwa akiwa amekwisha kulazwa.

Tunaandika haya tukiwafikiria hasa watumishi walioko visiwani. Mwalimu wa Bumbire au mganga wa zahanati ya Goziba, akifikia umri wa miaka 56, huenda magoti yanamuuma na shinikizo la damu limemwanza. Kila apatapo cheti cha rufaa hana budi kuvuka ziwa kwa mtumbwi wa injini, kisha apande gari hadi Rubya au Bukoba mjini. Mtu huyu hataki kuacha kazi, wala wananchi wa kisiwani hawataki aondoke, maana wanajua ni shida kumpata mwingine atakayekubali kuja kukaa. Anachoomba ni kupunguziwa: afundishe nusu ya vipindi, alipwe nusu ya mshahara, hadi siku yake ya kustaafu itakapowadia. Je, tumjibu nini kuhusu kadi yake?

Sheria ya mwaka 1999 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya iliweka mchango kuwa asilimia 6 ya mshahara: mtumishi atoe 3, mwajiri naye 3. Kwa hiyo mwenye mshahara wa shilingi 900,000 huchangiwa jumla ya shilingi 54,000 kwa mwezi. Akishuka hadi shilingi 450,000, mchango nao utashuka hadi 27,000. Mwajiri akikubali kuendelea kutoa sehemu yake kwa kiwango cha mshahara wa zamani, pengo litakalobaki ni shilingi 13,500 tu, nazo mtumishi mwenyewe aweza kuzijazia. Sisi hatuoni kwamba fedha hizo zinatosha kuwa sababu ya kumnyima mtu dawa.

Tutaambiwa kwamba mlango upo tayari. Ni kweli. Mtumishi wa umma huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akiwa na miaka 60. Na Mfuko umekuwa ukiwatibu wastaafu waliokuwa wanachama pamoja na wenzi wao bila kuwadai mchango tena. Lakini watoto hawamo katika huduma hiyo. Mtu wa miaka 56 mwenye kijana kidato cha tatu, akistaafu leo ili apate nafuu ya mwili, anamwacha kijana huyo nje. Na aliye na miaka 53, akiandika barua ya kuacha kazi kwa kuchoka, si mstaafu mbele ya sheria. Kadi yake hufa pamoja na mshahara. Tunawasihi ndugu zetu wa visiwani wasiandike barua kama hiyo kabla ya kumwona afisa utumishi na kuuliza, tena wajibiwe kwa maandishi.

Hali ni ngumu zaidi kwa walioajiriwa na watu binafsi, katika samaki au kahawa. Huko mtu huambiwa kwa mdomo kwamba tangu mwezi ujao atakuwa akija siku tatu kwa wiki, na hapo hapo jina lake linaondolewa katika orodha ya wanaochangiwa. Wapo waliokimbilia Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Hilo lilikuwa jambo jema, ila huduma zake zilikoma katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Aliyeandikiwa kwenda Bugando alijitafutia.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Sheria hiyo inataka kila mkazi awe na bima, na kwa sababu hiyo haitakuwa haki mtu aliyechangia miaka 25 akose kinga kwa kuwa tu amepunguza saa za kazi. Wakurugenzi wa halmashauri za Bukoba na Muleba hawatungi sheria, nasi hatuwadai hilo. Tunawadai mambo yaliyo mikononi mwao: wapeleke Wizarani hoja ya kazi ya nusu muda kwa walio katika miaka mitano ya mwisho, wakiionyesha kwa mifano ya Ikuza, Mazinga na Kerebe, na waajiri binafsi wakumbushwe kwamba kupunguza siku za kazi hakufuti wajibu wa kuwasilisha michango.

Aidha, hesabu hizi zisibandikwe ubaoni Muleba mjini peke yake, ambako mtu wa Goziba hufika mara chache kwa mwaka. Afisa anayehusika avuke na fomu zake, akae kisiwani siku mbili, asikilize kila mtumishi aliyetimiza miaka 50. Mafuta ya safari hiyo yatengwe katika bajeti ya mwaka ujao.