Tomonoura: Mandhari ni ya Wote, Gharama ni ya Nani?

Bahari ya Ndani ya Seto imebanwa kati ya visiwa vya Honshu, Shikoku na Kyushu, na maji ya bahari kuu huiingia kutoka mashariki na kutoka magharibi. Maji yanapojaa, mikondo ya pande hizo mbili hukutana karibu na bandari ndogo ya Tomonoura, katika jiji la Fukuyama, mkoa wa Hiroshima. Yanapokupwa, huachana papo hapo na kila mkondo ukarudi ulikotoka. Nahodha wa zamani aliyetoka Osaka kwenda magharibi alisukumwa na maji yanayojaa hadi Tomonoura, akatia nanga, akangoja maji yageuke, kisha akaondoka nayo. Kwa karne nyingi mji huo uliishi kwa kungoja huko.

Msafiri anayengoja hula, hulala, hununua, hutengeneza chombo chake, na huuza alichobeba bei ikimpendeza. Ndivyo mtaa wa wafanyabiashara wa Tomonoura ulivyonenepa katika enzi ya Edo, kuanzia karne ya 17. Maghala yalipanda ukingoni, nyumba za wageni zikafuata, na mafundi chuma wakapata kazi ya nanga na misumari. Mwaka 1659 familia ya Nakamura, iliyotoka Osaka, ilianza kutengeneza homeishu, kileo kitamu cha mchele kilichotiwa mitishamba 16. Mtawala wa jimbo aliwapa haki ya kukitengeneza peke yao, wakatajirika mno. Nyumba yao, ambayo leo hujulikana kwa jina la familia ya Ota iliyoinunua baadaye, bado imesimama na maghala yake, na homeishu ingali inauzwa katika vichochoro hivyo.

Lakini hazina kubwa ya Tomonoura iko ukingoni mwa maji. Kuna ngazi za mawe ziitwazo gangi, zinazoshuka hadi baharini na kufuata ukingo wa bandari kwa mita 150 hivi. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hufikia mita tatu na zaidi. Gati lenye ukuta wima lingemlazimisha mpagazi angoje maji yalingane na ukingo. Kwa ngazi hizi, chombo kikipanda au kikishuka, daima kuna kidato kilicho sawa na ubavu wake, na mzigo unatoka saa yoyote. Karibu na hapo kuna mahali pa kutia vyombo moto: chombo kiliingizwa maji yakiwa yamejaa, yakapwa kikabaki kikavu, mafundi wakawasha moto chini yake kuua wadudu watoboao mbao. Ongeza kuta za mawe za kuvunja mawimbi, kituo cha walinzi wa bandari, na mnara wa taa wa mawe uliojengwa mwaka 1859. Hakuna bandari nyingine Japani ambamo vitu hivi vitano vya enzi ya Edo vimesalia pamoja.

Vilisalia kwa sababu mji ulikosa fedha za kuvibomoa. Meli za mvuke hazikuhitaji kungoja maji, na reli iliyofika Fukuyama mwaka 1891 ilipita mbali na bandari. Biashara ikahama. Katikati ya karne ya 20 mji ulikuwa na watu zaidi ya 10,000. Leo hawafiki 5,000, na wengi wao ni wazee.

Mwaka 1983 ukaja mpango: kujaza fusi sehemu ya bandari, ambayo baada ya mpango kupunguzwa ilibaki karibu hekta mbili, na kujenga daraja la mita 180 hivi kukatiza mbele yake. Mzozo uliotokana na mpango huo ulidumu zaidi ya miaka 30, na nadhani unastahili kusomwa na kila mji wenye bandari kongwe.

Tuwatendee haki waliolitaka daraja. Hawakuwa maadui wa historia. Barabara za Tomonoura zilipimwa kwa hatua za wapagazi, na mahali pengi magari mawili hayawezi kupishana. Gari la wagonjwa likikutana na lori la kupeleka bidhaa dukani, lazima moja lirudi nyuma. Kuchimba mitaro ya majitaka chini ya vichochoro hivyo ni kazi ngumu, na huduma hiyo ilicheleweshwa wakati barabara ikisubiriwa. Mzee anayeishi katika nyumba iliyojengwa zaidi ya miaka 150 iliyopita ana haki ya kutaka yale ambayo mwenzake wa katikati ya Fukuyama anayachukulia kuwa ya kawaida. Wakazi wengi waliunga mkono mpango huo kwa sababu hizo, nami siwezi kuwalaumu.

Hata hivyo, daraja lilikuwa kosa, na kosa lenyewe linazidi lile la kuharibu sura ya mji. Ngazi, mnara na mahali pa kutia vyombo moto vina maana kwa sababu vinaitazama bahari na kupokea maji yake. Ukipitisha daraja la magari kati yao na bahari, mawe yatabaki lakini bandari itakuwa imekufa. Thamani ya kutazama kutoka hapo nayo haikubuniwa na watalii wa leo. Katika hekalu la Fukuzenji kuna ukumbi uliojengwa mwishoni mwa karne ya 17 ambako wajumbe wa mfalme wa Korea walikuwa wakipokewa. Mwaka 1711 mmoja wao, Yi Bang-eon, aliyasifu mandhari ya visiwa vya Benten na Sensui yaonekanayo pale dirishani kuwa hayana mfano mashariki ya nchi yake.

Mwaka 2007 wakazi zaidi ya 150 walikwenda mahakamani. Nasisitiza neno wakazi, maana mara nyingi ilisemwa kwamba wapinzani wa daraja ni wageni wapenda picha. Mwaka uliotangulia, katika kesi ya jengo refu la Kunitachi, Tokyo, Mahakama ya Juu ya Japani ilikubali kwamba mtu anayeishi karibu na mandhari mazuri ana maslahi yanayolindwa na sheria, ingawa walalamikaji wenyewe walishindwa. Mnamo Oktoba 1, 2009, Mahakama ya Wilaya ya Hiroshima ilipiga hatua zaidi: ikamkataza gavana kutoa kibali cha kujaza fusi, kwa hoja kwamba mandhari ya Tomonoura ni mali ya taifa zima na kwamba yakishaharibiwa hayarudi. Ilikuwa mara ya kwanza nchini humo mradi wa umma kuzuiwa kwa sababu ya mandhari.

Mji huo ulikuwa umeonja nguvu ya sheria hapo kabla. Mwaka 1867 meli ndogo Iroha Maru, iliyokuwa chini ya samurai Sakamoto Ryoma, ilizama baada ya kugongwa na meli kubwa ya jimbo lenye nguvu la Kishu. Mazungumzo yalianzia Tomonoura, na Ryoma alishikilia sheria za kimataifa za bahari hadi Kishu wakakubali kulipa fidia. Nyumba moja ya mazungumzo hayo sasa ni nyumba ya wageni, iliyokarabatiwa kwa michoro ya Miyazaki Hayao, mtengenezaji wa filamu aliyekaa mjini hapo mwaka 2005 na kupata mawazo ya filamu yake Ponyo.

Gavana Yuzaki Hidehiko, baada ya kukutanisha pande zote mbili, alitangaza mwaka 2012 kwamba mkoa unaachana na daraja na utapitisha barabara kwa handaki upande wa mlimani. Kesi ikafungwa mwaka 2016, na mwaka 2017 serikali kuu ikauweka mtaa huo katika orodha ya mitaa ya kihistoria inayolindwa.

Hapa ndipo sikubaliani na baadhi ya walioshangilia. Mahakama imesema mandhari ni mali ya taifa. Kama ni hivyo, basi taifa ndilo linalodaiwa, na deni hilo halijalipwa kwa handaki peke yake. Handaki linaondoa magari yanayopita njia. Halipanui kichochoro kilicho mlangoni mwa mkazi. Watalii wanaoletwa na filamu na vitabu vya safari hujaza vichochoro vile vile, na faida yao humfikia mwenye mgahawa kabla ya kumfikia mjane aliye nyuma ya mgahawa.

Ruzuku ya mitaa inayolindwa hulenga zaidi sura ya nje na mihimili ya nyumba: paa la vigae, madirisha ya mbao, kuta zinazotazama barabara. Mkazi analazimika kuukarabati uso wa nyumba yake kwa namna inayowafurahisha wapita njia, huku jiko, choo na joto la ndani wakati wa baridi vikibaki juu yake. Fukuyama, mkoa na serikali kuu wanapaswa kuligeuza hilo: waingize fedha ndani ya nyumba, wamalize mitaro ya majitaka kwa gharama yoyote itakayohitajika, wanunue magari ya wagonjwa na ya zimamoto yanayolingana na upana wa vichochoro, na wazuie magari ya wageni nje ya mtaa kabla ya kuchapisha bango jingine la kuwaalika.